Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tutibu Maji Kabla ya Udongo

Ndugu wanachama,

Kwetu sisi tunaolima buluberi katika Bonde la San Joaquin, California, lalamiko kubwa mwaka huu lilikuwa lilelile: majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya mmea kukosa chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, lakini pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi huzidi) ikipanda juu ya 5.5 mizizi haiwezi kukifyonza. Buluberi hutaka pH ya 4.5 hadi 5.5.

Wengi wetu tumekuwa tukiongeza salfa kila msimu. Kabla ya kupanda, salfa ni lazima: kushusha pH kutoka 7 hadi 4.5 huhitaji takriban gramu 100 kwa mita moja ya mraba kwenye mchanga, na kama 280 kwenye tifutifu. Ichanganywe miezi sita au zaidi kabla ya miche, kwa sababu bakteria ndio huigeuza kuwa asidi, nao hufanya kazi polepole, tena penye joto na unyevu tu. Udongo unaotoa povu ukidondoshewa siki una chokaa; hapo msihangaike, pandeni kwenye vyungu vya lita 60 vyenye magome ya msonobari na pitimosi (kuvumwani iliyooza).

Lakini kinachoturudisha nyuma ni maji. Tuchukue maji ya kisima yenye miligramu 180 kwa lita za bikaboneti, yaani chumvi inayoua asidi na kupandisha pH. Kila lita 1000 mnazomwagilia huingiza gramu 180 za bikaboneti, na kuzimaliza hizo kunahitaji karibu gramu 48 za salfa. Kwa kiangazi chetu kisicho na mvua, salfa ya masika huwa imeliwa yote kabla ya Agosti. Kwa maji ya namna hiyo, mililita 65 hivi za asidi ya salfuriki ya asilimia 98 katika lita 1000 huondoa kama asilimia 80 ya bikaboneti. Vaeni glavu na miwani, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kisha pimeni, pH ya 5 hadi 5.5 inatosha.

Siki nyeupe ya asilimia 5 inafaa kwa vyungu vichache: anzeni na mililita 60 kwa ndoo ya lita 20, mpime, mwongeze kidogo kidogo. Kasoro yake ni kwamba vijidudu vya udongoni huila, na bikaboneti hurudi. Kwa shamba, kamati haiipendekezi.

Kuhusu mbolea, tumieni SA (salfeti ya amonia): gramu 15 kwa mche mdogo, kila wiki sita kuanzia Machi hadi Julai. CAN (naitreti ya amonia yenye kalisi) haifai, kwa kuwa ina naitreti na chokaa. Samadi nayo huleta chumvi.

Aina zinazofaa hapa ni za kusini zisizodai baridi nyingi, kama Misty, O'Neal, Jewel na Emerald.

Jambo linaloiumiza sana kamati ni mashamba yanayoachwa yakauke mara mavuno yanapokwisha Juni. Vichomozo vya maua ya mwaka ujao hujijenga mwishoni mwa kiangazi na majira ya vuli. Kichaka chenye kiu Agosti kitakuwa na maua machache masika. Mizizi ya buluberi haina vinyweleo, na mingi iko katika sentimita 30 za juu, kwa hiyo haiwezi kufuata maji chini. Mwagilieni matone kidogo mara nyingi, mirija miwili kila mstari, na matandazo ya sentimita 10. Pogoeni mara baada ya kuvuna, ili matawi mapya yapate muda wa kukomaa.

Orodha ya miche ya pamoja itafungwa Oktoba. Kila anayeagiza aambatishe matokeo ya kipimo cha maji yake, pH na bikaboneti. Bila hayo, kamati haitapokea agizo.