Idi Mubarak, na habari za dirisha la tiketi

Idi Mubarak, jamaa na mashoga zangu. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mlioko Maskati, ambao mara nyingine mwezi wenu unatutangulia, salamu zipokeeni hata kama kwenu ni Idi Pili. Na waliofungua jana hapahapa Unguja wasinune, salamu ni zenu pia.

Wengi mmeuliza kama ni kweli nimepata kazi. Ni kweli. Tangu Rajabu nakata tiketi za boti bandarini Malindi. Kazi yenyewe ni ya maneno machache: wapi, lini, kitambulisho. Lakini kumi la mwisho la Ramadhani lilinionesha rangi zake. Wapemba wote waliokuja Unguja kutafuta riziki wanataka kwenda kula sikukuu kwao, na wote wanataka boti ya siku moja. Mtu amefunga, amesimama juani, kaskazi imekwisha na hewa imetulia tuli, halafu nimwambie nafasi zimejaa. Nimejifunza kulisema hilo kwa sauti ya chini. Nimejifunza pia kwamba mzee anayelalamika sana mara nyingi hataki nafasi, anataka asikilizwe.

Raha ya dirisha lile ni kuona watu walichobeba. Siku hizi ni maboksi na mifuko ya madukani, sawa. Lakini katikati yao hupita mkeka wa ukili umeviringishwa na kufungwa kamba, makawa yamepachikwa moja juu ya jingine, na bwana mmoja aliyeshika kofia mpya iliyotiwa wanga kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Hakuiweka chini hata alipotoa pesa. Alimwomba aliye nyuma yake amtolee pochi.

Nilimwelewa, kwa sababu kofia ya mkono si mchezo. Kitambaa cheupe tabaka mbili, ua linachorwa, vitundu vinatobolewa, kisha kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukaze. Mshonaji wa jioni tu humaliza baada ya miezi. Mimi niliianza ya baba nikiwa bado sina ajira, nikishona mchana kutwa barazani. Sasa ni baada ya tarawehe, macho mekundu, uzi hauoni tundu la sindano. Duara la juu limekwisha, ubavu bado nusu.

Wifi yangu akanishauri: una mshahara sasa, nenda Darajani kanunue. Sina ugomvi na kofia za mashine. Ni nadhifu, ni rahisi, na waliozivaa Mnazi Mmoja asubuhi ya leo wamesali kama wengine. Ila baba aliniona nikiianza ile, na kila nikikaa hupita karibu akijifanya anatafuta miwani. Nitampaje nyingine?

Shangazi zangu nimewasukia makawa madogo ya kufunikia sahani. Ukindu niliuchemsha na rangi mwenyewe, zambarau na kijani. Kijani kimekuwa cha ajabu kidogo, mtavumilia. Watoto nimewashonea vikoba vya ukili wakusanyie mkono wa Idi. Mdogo wao alikifungua, akachungulia, akaniuliza, "Mbona hamna kitu?" Basi kila kikoba kikatiwa noti ya 1,000, na hapo kazi ya mikono yangu ikasifiwa sana.

Msimu nao una mambo yake. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kwa miaka kama 33 inazunguka misimu yote. Hii ya 1447 imetuangukia mlangoni mwa masika. Mama anasema mara ya mwisho kuwa hivi ilikuwa 1993, yeye msichana, na nguo yake mpya ilipata tope kabla hajafika viwanjani. Leo amewaambia wajukuu wavae makubadhi ya plastiki, gauni wakalikunje. Hakuna aliyemsikiliza. Akiwapo hai Inshallah ataona mwaka 2030, ambao Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena Disemba. Keshaanza kuuliza bei ya tende itakuwaje.

Zaka ya fitri tumeitoa jana usiku, mchele, kwa majirani wawili mnaowajua. Mmoja wao kaniletea sahani ya visheti asubuhi, kwa hiyo sijui nani kampa nani.

Kofia ya baba nimeiahidi kwa Idi ya Mfungo Tatu. Kichwa nimempima tena, maana alidai kimepungua kwa funga.

Mimi leo nina zamu ya mchana. Njooni Idi Pili baada ya alasiri, mikate ya kumimina itakuwapo na biriani ya wifi pia. Na wale wa Pemba, tiketi za kurudi kazini kateni mapema. Msinipigie simu usiku mkidhani dada yenu ana boti yake.