Fomu ya kupandishwa cheo inawakatisha tamaa wahadhiri wabunifu

Mhariri,

Kila msimu wa mahafali ukifika, viongozi wa vyuo vikuu husimama jukwaani na kuwahimiza wahadhiri wawe wajasiriamali: waanzishe kampuni, waingize ubunifu wao sokoni, waache kuufungia utafiti kabatini. Mimi ni mhadhiri wa uhandisi, huu ukiwa mwaka wangu wa 17, na wito huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ninalowaomba ni kwamba kabla ya hotuba ijayo waichukue fomu ya kupandishwa cheo inayotumika katika vyuo vyao, waisome ukurasa kwa ukurasa.

Nimeijaza fomu ya namna hiyo mara 3. Inauliza makala uliyochapisha, vitabu, saa za kufundisha, wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia, fedha za utafiti ulizoleta. Mara ya pili nilikuwa na kifaa cha kupima unyevu wa nafaka nilichokiunda pamoja na wanafunzi wangu wawili, na tayari kilikuwa kinatumika ghalani. Nilitafuta mahali pa kukiandika nikakosa, nikakiweka chini ya “Mengineyo”. Hakikupewa hata alama moja. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu hadi leo, aliniita pembeni akaniambia kwa upole: “Miaka ile miwili ungeandika makala matatu, sasa hivi ungekuwa umeshapita.”

Alisema kweli, na wahadhiri vijana wanaujua ukweli huo vizuri kuliko hotuba zote. Mtu hufuata kinachomlisha. Huwezi kumsifu mhadhiri kwa ujasiriamali jukwaani halafu ukamnyima cheo kwa sababu hiyohiyo ndani ya kikao.

Nieleze kifaa kile kilinipa nini, kwa maana wapo wanaodhani biashara inampotosha msomi. Siku ya kwanza tulipokipeleka ghalani, msimamizi alichukua punje ya mahindi akaiuma, akasema yamekauka. Kifaa kikasoma asilimia 16. Mahindi yanayowekwa ghalani kwa muda mrefu hayatakiwi kuzidi asilimia 13 au 14 hivi, la sivyo yanaota ukungu. Alitutazama kama tumemtukana. Tukaomba gunia la chini kabisa lifunguliwe, na harufu ikatoka kabla hata kamba haijafunguka yote. Wiki mbili baadaye, joto lilipopanda, kifaa chetu nacho kikaanza kusoma vibaya. Tulikuwa tumekirekebisha maabara, kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, na kipimo cha aina ile huyumba joto linapobadilika. Somo la vihisio nilikuwa nimelifundisha miaka 8, na jambo hilo nilikuwa nikilitaja kwa sentensi moja tu. Sasa nalitengea wiki nzima, na wanafunzi wanalielewa kwa sababu nina kisa cha kuwasimulia.

Yapo mengine yanayotukwaza, na moja wengi hawalijui mpaka limewapata. Fomu ile inamsukuma mhadhiri achapishe haraka, ilhali hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako bila idhini, hutolewa kwa kitu ambacho bado hakijatangazwa hadharani. Ukishakieleza kwenye jarida au kwenye kongamano, katika nchi nyingi haki ya hataza umeshaipoteza. Marekani inampa mvumbuzi miezi 12 baada ya kutangaza, Ulaya kwa kawaida haimpi hata siku moja. Mimi niliwasilisha toleo la kwanza la kifaa changu kwenye kongamano, nikapigiwa makofi, na miezi michache baadaye mwanasheria akanieleza nilichokuwa nimekitoa bure. Hakuna aliyewahi kunionya. Mwaka 1975 wanasayansi César Milstein na Georges Köhler walichapisha, wakiwa Cambridge, njia ya kutengeneza kingamwili za monokloni, yaani kingamwili za aina moja tu zinazozalishwa maabara. Walipata Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1984, lakini njia hiyo haikukatiwa hataza, na dawa zinazotokana na kingamwili hizo leo ni miongoni mwa zinazoingiza fedha nyingi zaidi duniani.

Linganisha na kilichotokea Stanford, Marekani. Stanley Cohen wa chuo hicho na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California walichapisha njia yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973, wala hawakuwa na wazo la hataza. Niels Reimers, aliyekuwa akiendesha ofisi ya leseni ya Stanford, alisoma habari zao gazetini, akamfuata Cohen na kumshawishi. Maombi yakawasilishwa Novemba 1974, siku chache kabla ya mwaka mmoja kutimia. Haki za nchi nyingine zilikuwa zimeshapotea, lakini hataza za Marekani peke yake ziliviingizia vyuo vyao viwili zaidi ya dola milioni 250 hadi zilipokwisha muda mwaka 1997. Katika kisa hiki mimi namtazama Reimers, mtumishi wa chuo aliyeinuka kitini akaenda kumtafuta mtafiti. Ofisi nyingi za uhawilishaji wa teknolojia, zile za vyuo zinazopaswa kuupeleka utafiti sokoni, ninazozijua hungoja mhadhiri aje na fomu 4 zilizojazwa.

Boyer huyohuyo mwaka 1976 alianzisha kampuni ya Genentech pamoja na Robert Swanson. Swanson ndiye aliyeijua fedha, Boyer akaijua sayansi, na uprofesa wake hakuuacha. Nalisema hili kwa ajili ya wenzangu wanaoogopa kwamba ujasiriamali utawageuza wachuuzi. Mhadhiri hahitaji kuwa mkurugenzi mtendaji. Anahitaji mshirika, na chuo ndicho chenye uwezo wa kumkutanisha naye.

Kuhusu umiliki, naomba viongozi wetu waiangalie Norway. Hadi mwaka 2003 profesa wa huko alimiliki uvumbuzi wake mwenyewe. Sheria ikabadilishwa ili vyuo viwe wamiliki, na mvumbuzi akabaki na kama theluthi moja ya mapato. Nia ilikuwa njema, kuiga mafanikio ya Marekani baada ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, iliyoviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali. Watafiti waliochunguza mabadiliko hayo walikuta kwamba kampuni zinazoanzishwa na wahadhiri pamoja na hataza zao zilipungua kwa takriban nusu. Sisemi chuo kisipate kitu. Maabara ni yake na umeme ni wake. Nasema mgawo ukimfanya mvumbuzi ajione kibarua, ataacha kuvumbua, au atavumbua kimyakimya nje ya geti. Mgawo huo pia uandikwe mapema. Mkataba wa kifaa changu ulizunguka kwenye ofisi za chuo miezi 14, na mwanafunzi aliyekuwa akiandika programu yake alishahitimu na kuajiriwa kwingine kabla sahihi ya mwisho haijapatikana.

Wanaopinga wana hoja, na sitaki kuzipuuza. Nimewahi kuona profesa akikosa vipindi kwa sababu yuko kwenye mikutano ya kampuni yake, na wanafunzi wa uzamivu wakifanya kazi ya kampuni hiyo badala ya tasnifu zao. Huo ni uonevu, na uitwe kwa jina lake. Tiba yake ni kanuni zilizo wazi. Vyuo vingi vya Marekani humruhusu mhadhiri siku 1 kwa wiki kwa kazi za nje, mradi azitangaze. Mwanafunzi asiajiriwe na kampuni ya msimamizi wake mpaka awepo msimamizi mwingine, asiye na hisa humo, wa kuilinda tasnifu yake. Na anayetaka kuanzisha kampuni kwa dhati apewe likizo ya mwaka mmoja au miwili, kiti chake kikimsubiri, kama tunavyofanya kwa anayekwenda kuandika kitabu.

Hata hivyo, yote hayo hayatasaidia fomu ikibaki ilivyo. Mfumo wa vyuo wa Texas A&M uliamua mwaka 2006 kwamba hataza na kuupeleka utafiti sokoni vihesabiwe mtu anapofikiriwa ajira ya kudumu. Jambo hilo halihitaji jengo jipya wala bajeti. Linahitaji seneti ya chuo ikae na kukubaliana jinsi ya kuipima kazi hiyo: nani anakitumia kifaa, nani amelipia leseni, kimebadilisha nini. Wapimaji wa nje wanaosoma makala yetu wanaweza pia kukagua kifaa.

Wiki iliyopita mhadhiri kijana wa idara yetu alikuja ofisini kwangu na boksi dogo. Ndani mlikuwa na kichujio cha maji alichokiunda kwa fedha zake mwenyewe, na kinafanya kazi. Nilikijaribu pale pale kwenye sinki. Akaniuliza aendelee nacho sasa, au asubiri mpaka apande cheo. Nilitaka sana kumwambia aendelee. Lakini nilikumbuka fomu ile, nikamwambia asubiri, na tangu siku hiyo sina amani.

Mhadhiri wa uhandisi