Sanduku la maoni lina kufuli, ufunguo anao nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni fundi mitambo, nimezunguka viwandani miaka kumi na moja, na kila mwaka mabosi wanatuita ukumbini wanatuambia tuwe wabunifu, tunapewa soda na fulana, tunarudi kazini.

Mwaka juzi nilikuwa kiwanda kimoja cha maji ya chupa. Pale mkanda unapokata kona chupa tupu zilikuwa zinalala, moja ikilala inaziba za nyuma, mashine inasimama, mtu akimbie akazinyanyue kwa mkono, na usiku mmoja ilikuwa inatokea hata mara ishirini. Sasa kuna dada mmoja kibarua, kazi yake ndo hiyo ya kunyanyua chupa, akakata kipande cha kandambili iliyochakaa akakifunga na waya kwenye chuma cha pembeni pale kwenye kona, yani chupa ikifika inagusa mpira taratibu inapita imesimama. Zamu nzima hamna chupa iliyolala. Asubuhi supavaiza kaja, swali la kwanza "nani kakuruhusu?" Mpira ukang'olewa. Ni kweli kandambili kuukuu kwenye kiwanda cha maji haifai, hilo nakubali kabisa, lakini si wangetafuta mpira safi waufunge palepale? Hakuna aliyehangaika. Yule dada hakufukuzwa ila tangu siku ile hakusema kitu tena, na wenzake waliokuwa wanaangalia wakanyamaza pia.

Hizi Toyota tunazopanda kila siku, mwaka 1950 mkubwa mmoja wa kampuni yao, Eiji Toyoda, alienda Marekani kwenye kiwanda cha Ford akakuta wafanyakazi wana utaratibu wa kutoa maoni, akarudi nao Japani na 1951 wakaanzisha wa kwao. Tena kiwandani kwao juu ya mstari wa kuunga magari waliweka kamba, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja mbio kuuliza kuna nini, na tatizo lisipoisha mstari unasimama. Mtu wa kukaza nati tu huyo! Huku kwetu kibarua asimamishe mashine halafu aulizwe vizuri, nani kashawahi kuona?

Sisi tulikuwa na sanduku la maoni karibu na mlango wa kantini, kufuli limeshika kutu. Nilitumbukiza karatasi yangu mwezi wa tatu kuhusu spea zinavyopotea stoo, mpaka naondoka sikujibiwa. Hata wangeniambia hapana na sababu yake ningeshukuru, ningejua pa kurekebisha.

Nawaomba mameneja wafungue hayo masanduku kila Ijumaa mbele ya watu, wasome na wajibu, wazo likitumika jina la mwenyewe libandikwe ubaoni na kama limeokoa hela apewe chochote mfukoni, cheti hakilishi watoto. Na masupavaiza wazoee kuuliza "umefanyaje hapa?" kabla ya kuuliza ruhusa.

Yule dada nasikia bado yupo kwenye ile kona ananyanyua chupa. Waanze na yeye.

Fundi mitambo,
Mbagala, Dar es Salaam