Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Usafiri wa Wagonjwa wa Saratani

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote. Kama katiba inavyotaka, ninawaletea taarifa ya mwaka 2024. Yale mnayoyajua nitayapita haraka, maana najua mnachosubiri ni habari ya kuuzwa kwa gari la chama, Noah.

Mwaka huu tumewapeleka wagonjwa 97 Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kuwarudisha makwao. Ukihesabu kila mgonjwa kwenda na kurudi, ni safari 1,412. Madereva wa kujitolea walikuwa 11, sasa wamebaki 9. Wagonjwa wengi, kama miaka yote, ni kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, wakifuatiwa na wa matiti. Wengi ni wa Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto, pamoja na wageni wa Lindi na Mtwara waliofikia kwa ndugu. Masika yalitusumbua, kila Jangwani ikijaa maji tukawa tunazunguka. Semina ya madereva ilifanyika. Ziara ya wodini ilifanyika. Sherehe ya chama haikufanyika, na sababu mtaiona kwenye hesabu.

Tulianza mwaka na shilingi 610,000. Tumepata 15,690,000: ada 2,340,000, michango ya misikiti, makanisa na wahisani 4,150,000, na mauzo ya gari 9,200,000. Tumetumia 11,610,000: matengenezo ya Noah 3,480,000, mafuta 7,026,000 na mengineyo 1,104,000. Mengineyo ni bima, vocha, rambirambi, maji ya kunywa na ndoo ndogo za mifuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, ndoo ndiyo inayomsitiri mgonjwa anayetapika akitoka kwenye dripu ya dawa za saratani. Zimebaki 4,690,000 benki. Mhazini ana risiti zote, anayetaka kuziona amfuate yeye, asiulize kwenye vijiwe.

Sasa gari.

Nimeambiwa mengi tangu Juni. Kwamba nimeuza mali ya chama usiku. Kwamba nimemuuzia shemeji yangu. Kwamba Noah ilikuwa na thamani ya milioni 12. Nimenyamaza miezi sita kwa sababu wagonjwa walikuwa na haja ya usafiri kuliko majibizano, lakini leo nitasema.

Kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei lile gari lilikaa gereji siku 47. Giaboksi ilifunguliwa mara mbili. Fundi wa kwanza alitudanganya, wa pili akatuambia ukweli: tununue injini nyingine au tuendelee kumlipa yeye. Milioni 3 na laki karibu 5 ziliingia kwenye chuma hicho wakati petroli imepita shilingi 3,000 kwa lita, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri tangazo la bei za mafuta la EWURA kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Katika miezi hiyo mitano Noah ilikwenda safari 22 zisizo za wagonjwa: misiba, harusi, na moja ya kuhamisha makochi. Zote zimeandikwa kwenye daftari la dereva. Jumatatu moja mama wa Chanika alikaa barazani tangu saa 11 alfajiri, amevaa na khanga yake mkononi, gari halikutokea. Lilikuwa Bagamoyo msibani tangu Jumapili. Mionzi si daladala kwamba ikikupita unangoja inayofuata. Mgonjwa wa mlango wa kizazi anapangiwa kama mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5, na daktari anataka zifuatane, kwa sababu siku zikiruka ugonjwa unapata nafasi ya kupumua. Yule mama aliniuliza kwenye simu kama amekosea siku. Sikuwa na jibu.

Kuhusu utaratibu. Mkutano niliuitisha Jumamosi ya tarehe 18 Mei. Akidi ni theluthi moja, yaani watu 29. Walifika 17, na wawili waliondoka kabla ya ajenda ya pili. Nikaitisha tena tarehe 25, wakaja 14. Katiba inasema mkutano wa pili unaamua kwa waliopo. Waliopo waliirudishia kamati ya utendaji uamuzi wa kuuza, na kamati ikapiga kura: 5 walikubali, 3 walikataa, mmoja alikuwa safarini. Wenye uchungu na Noah walikuwa na Jumamosi mbili za kuja kuutoa.

Kuhusu mnunuzi. Ndiyo, ni mume wa mpwa wangu. Sijawahi kuficha. Wanunuzi walikuwa watatu: mmoja alitoa milioni 8, wa pili milioni 8 na nusu kwa mafungu, wa tatu milioni 9 na laki 2 taslimu. Mlitaka nimkatae mwenye fedha nyingi kwa sababu tu ameoa kwetu? Mwanachama aliyesema yupo mtu wa milioni 12 nilimwomba amlete. Mpaka naandika sijamwona.

Familia iliyotupatia gari niliifuata mwenyewe Tabata, mimi na katibu, kabla ya kuuza. Mama mwenye nyumba alisema aliyetoa hadai, ila hapendi jina la marehemu mumewe lisahaulike. Ndiyo maana stika zenye jina lake sasa ziko kwenye magari yote 9. Zamani lilikuwa kwenye gari moja, tena bovu.

Tangu Juni tunatumia magari ya wanachama, chama kinalipa mafuta kwa risiti. Hatuchukui nauli kwa mgonjwa hata mia, na dereva atakayepokea "ya soda" tutaachana naye. Gari langu pekee limekwenda safari 212, na za kwanza 60 sikudai mafuta. Sisemi ili nisifiwe, lakini limeandikwa kwenye daftari.

Nakiri tatizo moja. Mgonjwa asiyeweza kukaa, na yule wa kiti cha magurudumu, gari dogo halimfai. Wagonjwa wanne tuliwakatalia kwa sababu hiyo, na wanaonilaumu hapo wana haki. Wanaosema wapande mabasi ya mwendokasi, nawaomba wamsindikize mtu ambaye mionzi imemharibu tumbo, anayehitaji choo kila baada ya dakika 20, kutoka Kimara hadi Kivukoni amesimama, kisha amalizie kwa miguu. Madereva wetu wanajua vituo vyote vya mafuta vyenye choo kisafi kwenye Barabara ya Kilwa. Hiyo ndiyo kazi yetu yenyewe.

Ada. Tuko 86 kwenye daftari. Ada ni 60,000 kwa mwaka, sawa na 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 31. Waliolipa nusunusu ni 13. Waliobaki, 42, hawajatoa hata senti, na humo wamo wawili wa kamati. Sitawataja, wanajijua. Tungekusanya yote, tungekuwa na 5,160,000, na mafuta ya miezi minane yangekuwa yamepatikana bila kupiga hodi kwa mtu. Cha ajabu, kati ya waliochangia zaidi mjadala wa Noah kwenye kundi la WhatsApp, wengi wamo kwenye hao 42. Namba ya kulipia ni ileile.

Mwaka 2025 tunatarajia, Mungu akijalia, kupata gari linaloingiza kiti cha magurudumu. Kuna wadau tunazungumza nao na dalili ni nzuri. Tunafikiria pia madereva wa upande wa Kigamboni, ili mgonjwa asigombanie pantoni alfajiri. Na lile wazo la nyumba ya kufikia wagonjwa wa mikoani bado lipo.

Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 25 Januari, saa 3 asubuhi. Nasema saa 3, si saa 5. Uchaguzi umo kwenye ajenda, na fomu ziko kwa katibu kwa yeyote anayeona kiti hiki ni kitamu. Chai ipo kwa watakaofika kabla ya saa 3 na nusu.

Mwenyekiti