Picha za stirio: sasa ni Jumamosi

Wanakikundi wapendwa, habari za jioni.

Zoezi letu la kupiga wadudu picha za stirio (picha mbili, ya kushoto na ya kulia, ambazo macho huziunganisha kuwa moja yenye kina) limehama kutoka Jumapili. Sasa ni Jumamosi hii, saa 12:30 asubuhi, bustanini kwa mweka hazina wetu, Mbezi Beach. Sijachagua alfajiri kuwatesa: wadudu wanakuwa bado wamezubaa na upepo wa bahari haujachangamka. Jani likitikisika kati ya picha ya kushoto na ya kulia, hapo hamna kitu.

1. Njoo na kamera au simu. Mwenye reli ya kusogezea kamera aje nayo, tutapokezana.
2. Mchango wa chai na chapati ni Sh 5,000, kwa mweka hazina.
3. Vaa mikono mirefu. Mbu wa kule hawana adabu.

Jambo moja: kati ya picha ya kwanza na ya pili, wengi tunasogeza kamera mno. Kanuni ya kawaida ni sehemu moja ya 30 ya umbali. Vunjajungu akiwa sentimita 15 mbele ya lenzi, sogeza milimita 5 tu, sambamba, bila kuizungusha kamera. Ukizidisha, macho yanagoma kuunganisha picha. Fokasi uifunge kabisa. Tuanze na konokono, au jongoo aliyejikunja. Nyuki tumwachie mwenye kamera mbili.

Miwani ya nyekundu na samawati, ya kutazamia picha hizi, ninayo ya kutosha.

Tafadhali andika hapa NAJA au SIJI, na mchango uwe umefika, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, tujue unga wa kukanda. Karibuni sana.