Mwanangu, tafuta teke la pili

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Nyanya yako anakusalimia sana na anauliza kama baridi ya Nairobi imeshaanza. Ada ya muhula nimelipa, hilo usilifikirie tena.

Video yako ukiogelea mtindo wa kipepeo nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Umeniambia mita 50 za kwanza unakwenda vizuri, lakini ukishageuka mikono inakuwa mizito, na sasa unapiga pushapu kila usiku ili mabega yapate nguvu. Mama, mabega yako hayana kasoro. Nimeisimamisha ile video kila ulipoinuka, na ninachokiona ni kwamba unapoteza teke la pili.

Kila mzunguko wa mikono una mateke mawili. La kwanza hupigwa mikono inapoingia majini, nalo huinua nyonga. La pili hupigwa mikono inapomaliza kusukuma maji, karibu na mapaja, na hilo ndilo linaloyatoa mabega nje ili mikono irudi mbele kwa wepesi. Ukienda unayo yote mawili. Ukirudi, la pili linafifia, kisha halipo kabisa. Mikono inabaki kuubeba mwili peke yake, nyonga zinazama, maji yanakushika. Kwa hali hiyo hata ungekuwa na mabega ya hamali wa bandarini ungechoka.

Mtindo wenyewe ulianza na upungufu huohuo. Miaka ya 1930 waogeleaji wa mtindo wa chura waliona kwamba wakirudisha mikono juu ya maji wanapata kasi zaidi, lakini miguu ikabidi ibaki ya chura, maana ndiyo sheria. Mwaka 1952 ndipo kipepeo ulipotengwa ukawa mtindo peke yake, na teke la pomboo, miguu miwili ikipiga pamoja juu na chini, likaruhusiwa. Olimpiki uliingia 1956, Melbourne. Mikono ilitangulia miaka mingi, miguu ikaja nyuma.

Pomboo umewaona tangu mdogo, ukiwa na mimi kwenye boti. Kumbuka wanavyokwenda: nguvu inatoka mbele, inapita mwilini, mkia unamalizia. Wewe unaanzia gotini. Goti linakunjika mno na kisigino kinatoka nje ya maji. Anzia kifuani, kikandamize chini kidogo mikono inapotua, miguu itafuata.

Halafu kichwa. Unavuta pumzi ukitazama ukuta wa mbele. Kidevu kisiachane na maji, na uso urudi ndani kabla mikono haijatua. Kichwa kikichelewa nyonga zinashuka, na teke la pili ndilo linalokufa kwanza. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, pumzi huko si kama hapa pwani. Kwa hiyo usishindane na wenzako kuizuia. Vuta kila mzunguko wa pili, na ukielemewa vuta kila mzunguko, mradi kidevu kiwe chini.

Ninalokuomba ni hili, na umweleze kocha wako kwa adabu, kwa sababu yeye anakuona kila siku na neno lake liko juu ya langu: kwa wiki chache usiogelee kipepeo zaidi ya mita 25 kwa mkupuo. Anza mikono ikiwa ubavuni, mwili tu ukipita na wimbi. Kisha mkono mmoja, mwingine umenyooshwa mbele, huku ukihesabu mateke mawili. Kisha mizunguko miwili ya kulia, miwili ya kushoto, miwili ya mikono yote. Teke la pili likipotea, simama, hata kama ni katikati ya bwawa. Pumzika mpaka pumzi irudi, ndipo uendelee. Ukiendelea na mwendo uliovunjika, mwili unaushika huo, na kuuondoa ni kazi kubwa.

Kugeuka kwako kunanifurahisha. Mikono miwili inagusa kwa pamoja, hakuna mwamuzi wa kukutoa. Chini ya maji sheria inakupa mita 15, lakini kwa sasa mateke manne yenye nguvu yatosha.

Ukutani bado unanitia wasiwasi. Beijing, 2008, Jason Dunford wetu aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo, sekunde 51.14. Haikudumu, lakini iliwekwa na Mkenya! Fainali alimaliza wa tano. Katika fainali hiyohiyo Čavić wa Serbia alinyoosha mikono akateleza kuufuata ukuta. Phelps wa Marekani akaongeza nusu mzunguko, akashinda kwa sekunde 0.01. Nawe unateleza vilevile. Hesabu mizunguko yako kutoka kwenye zile bendera zilizotundikwa juu ya maji mpaka ukutani, kila siku, mpaka uijue bila kufikiri. Dunford hakukata tamaa: mwaka 2010 alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Nataka ujue kwamba inawezekana kwa mtu wa hapa.

Ukija Agosti kusi litakuwa bado linavuma na bahari imechafuka, basi tutatafuta bwawa. Disemba nitakupeleka baharini mwenyewe.

Mapezi mafupi nimempa mjomba wako, anapanda basi Alhamisi usiku. Yavae nusu ya mazoezi tu, uyavue kabla teke lako halijayazoea. Na video ijayo mwenzako apige kutoka ubavuni, simu iwe karibu na maji, nizione nyonga.

Babako