Mchanga unaotembea si uwanja wa kutelezea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Juzi nilipeleka wanafunzi kwenye ule mchanga unaotembea, karibu na Bonde la Olduvai, Ngorongoro. Ni kilima cheusi chenye umbo la hilali, kimo chake kama mita 9, na chote ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Upepo husukuma punje zipande mgongoni, zikifika ukingoni huporomokea upande wa pili, na hivyo kilima kizima huhama takriban mita 17 kwa mwaka. Vigingi vilivyoandikwa miaka vinaonyesha kilikopita. Ukirusha konzi moja ya mchanga huo juu, hurudi chini kwa pamoja badala ya kupeperuka, maana punje zake zina madini yenye sumaku. Wanafunzi wangu walirusha mpaka mikono ikawa myeusi.

Kilichonikera ni kundi lililopanda hadi ukingoni na kuteleza kwa makalio, huku kiongozi wao akipiga picha. Wamasai wanapaheshimu mahali hapo kama patakatifu. Wahusika wazungushie hata kamba tu, watu watazame wakiwa chini.

Mwalimu wa Jiografia,
Karatu